Saratani ya mirija ya nyongo ndani ya ini: jinsi ya kupanga hatua yake na kukadiria muda wa kuishi

Ripoti ya patholojia huwa na kurasa mbili, lakini ndugu wa mgonjwa huruka hadi mstari mmoja tu wa mwisho: pT1b, pN0 (0/3), R0. Wanaupiga picha, wanautuma kwenye kundi la familia la WhatsApp, na kabla ya magharibi mtu aliyeko Muscat au Minneapolis ameshajibu kwamba hiyo ni hatua ya IB, mambo ni mazuri. Huenda ni kweli. Ila ile namba iliyojificha kwenye mabano, 0/3, yaani tezi tatu za limfu zilitazamwa na hakuna iliyokutwa na saratani, ndiyo iliyopaswa kusomwa kwanza, nayo ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu.

Namwandikia ndugu aliyeshika faili la mgonjwa na anataka kuelewa anachoambiwa. Namwandikia pia tabibu au daktari kijana anayekutana na ugonjwa huu mara moja kwa mwaka, akalazimika kutoa jibu mtu anapouliza: "Daktari, mzee wetu amebakiza muda gani?"

Kabla ya kupanga hatua, hakikisha ni ugonjwa wenyewe

Huku kwetu mtu akisikia saratani ya ini, mara nyingi inayozungumziwa ni ile ya seli za ini zenyewe, ambayo homa ya ini aina ya B na sumukuvu huichochea sana. Hii yetu ni nyingine. Inaanzia kwenye seli zinazotanda ndani ya mirija inayobeba nyongo, na jina lake la kitaalamu ni kolanjiokasinoma. Nchi inayojulikana zaidi kwa ugonjwa huu ni Thailand, hasa upande wa kaskazini-mashariki, ambako watu hula samaki wabichi wa mtoni wenye minyoo ya ini. Mnyoo huo hukaa kwenye mirija ya nyongo kwa miaka mingi na kuiwasha mfululizo. Kwingineko visababishi ni mawe ndani ya mirija ya ini, makovu ya mirija, homa ya ini B na C, na ini lililosinyaa kwa sirosisi. Wagonjwa wengi lakini hawana hata kimoja kati ya hivyo.

Kolanjiokasinoma ziko tatu kulingana na mahali zinapoanzia: ndani ya ini, kwenye njia panda ambapo mirija ya kulia na ya kushoto inakutana, na chini karibu na kongosho. Kila moja ina jedwali lake la hatua. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kuchukua jedwali la uvimbe wa njia panda, ule uliopewa jina la Gerald Klatskin aliyeueleza mwaka 1965, akalitumia kwa uvimbe ulio katikati ya ini. Wa njia panda huziba nyongo mapema, kwa hiyo mgonjwa hugeuka manjano macho na ngozi. Wa ndani ya ini hukua kimya. Mgonjwa anapungua uzito, anahisi uzito chini ya mbavu za kulia, au haoni lolote mpaka kipimo cha jambo jingine kiuonyeshe.

Kuna mtego mwingine. Biopsi, yaani kinyama kidogo kilichochunguzwa maabara, ikirudi na neno "adenokasinoma" (saratani ya seli zinazotoa majimaji) kwenye ini, bado hujajua lolote la uhakika, kwa sababu saratani za utumbo mpana, tumbo, kongosho na matiti nazo hupenda kwenda kukaa kwenye ini, na chini ya hadubini zinafanana. Rangi maalumu za maabara kama CK7 na CK19 husaidia, ila hakuna hata moja inayomaliza ubishi. Ndiyo maana mgonjwa hupitishwa kamera ya tumbo na ya utumbo mpana, na mwanamke hupigwa picha ya matiti. Ikigundulika kwamba chanzo ni utumbo mpana, funga ukurasa huu, kwa sababu hatua na makadirio ya maisha yake yanahesabiwa kwa njia tofauti kabisa.

Karatasi zinazotakiwa mezani

Usianze kupanga hatua ukiwa na ultrasaundi peke yake. Unahitaji CT ya kifua, tumbo na nyonga, na kwa upande wa ini iwe imepigwa kwa awamu tatu baada ya kuchoma mshipani dawa ya kung'arisha picha. Uvimbe huu kwa kawaida hung'aa pembeni kwanza, kisha dawa inaingia taratibu kuelekea katikati. Ule wa seli za ini hung'aa mapema wote na kufifia haraka. MRI yenye picha za mirija ya nyongo huonyesha vizuri zaidi vivimbe vidogo vya pembeni. Weka pia vipimo vya kazi ya ini, homa ya ini B na C, na alama mbili za damu ambazo saratani huweza kuzipandisha: CEA na CA 19-9.

Kwenye CA 19-9 nisimame kidogo. Kiwango cha kawaida ni chini ya 37 U/mL. Kikipita 1,000, daktari huanza kushuku kwamba saratani imeshatoka nje ya ini hata kama picha haijaonyesha. Lakini nyongo ikiziba, namba hupanda yenyewe, kwa hiyo subiri manjano ishuke ndipo upime tena. Na kuna watu ambao miili yao haitengenezi kabisa alama hii, kwa sababu hawana antijeni ya damu iitwayo Lewis. Miongoni mwa wazungu ni chini ya mtu mmoja kati ya kumi. Miongoni mwa Wamarekani weusi ni karibu mmoja kati ya watano. Kwa hiyo CA 19-9 ya 4 kwa mgonjwa Mwafrika isikufanye ushangilie. Inawezekana mwili wake haujawahi kuitengeneza maishani.

T: uvimbe wenyewe

Mfumo unaotumika karibu duniani kote ni TNM: T ni uvimbe, N ni tezi za limfu, M ni kusambaa mbali. Nafuata toleo la nane la kamati ya Marekani, AJCC, lililoanza kutumika mwaka 2018. Angalia ripoti yako imetumia toleo gani. Katika toleo la saba, la mwaka 2010, ukubwa wa uvimbe haukuhesabiwa kabisa, kwa hiyo T1 ya wakati huo na T1 ya leo si kitu kimoja.

Jiulize maswali manne kwa mpangilio huu. Uvimbe ni mmoja au ni zaidi? Umeingia kwenye mishipa ya damu ndani ya ini? Umetoboa utando unaofunika ini? Umeshika kiungo cha jirani? Majibu yanakupa T:

- T1a: uvimbe mmoja, sentimita 5 au chini, haujaingia kwenye mishipa.
- T1b: uvimbe mmoja, zaidi ya sentimita 5, haujaingia kwenye mishipa.
- T2: uvimbe mmoja ulioingia kwenye mishipa ya ndani ya ini, au vivimbe viwili na zaidi, viwe vimeingia kwenye mishipa au la.
- T3: umetoboa utando wa nje wa ini.
- T4: umejipenyeza moja kwa moja kwenye kiungo cha nje ya ini, kama kiwambo cha kifua, tumbo au utumbo.

Vivimbe vidogo vilivyouzunguka uvimbe mkubwa ndani ya ini havihesabiwi kuwa kusambaa kwa mbali. Hivyo ni T2. Nimeona faili limeandikwa hatua ya IV kwa sababu ya vivimbe viwili vidogo vya jirani, na familia ikaacha kutafuta daktari wa upasuaji. Wapo mabingwa wanaosema vivimbe vingi ni vibaya kuliko T2 inavyodokeza, na nadhani wana hoja, lakini jedwali ndivyo lilivyo na ni lazima sote tusome jedwali moja.

Tusidanganyane pia kwamba ngazi hizi zimepangika vizuri. Waliolikagua toleo la nane wamekuta T2 na T3 hazitofautiani ipasavyo kwenye muda wa kuishi. Uvimbe uliotoboa utando bila kugusa mishipa unaweza kumwachia mtu muda mrefu kuliko ule mdogo ulioingia kwenye mshipa. Nikilazimishwa kuchagua, naogopa mishipa kuliko utando.

N: tezi, mahali ambapo hukumu nyingi hupotoka

N0 maana yake tezi za limfu za jirani hazina saratani. N1 zinayo. Inaonekana rahisi, ila N0 inaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali kama Lamu na Kigoma: tulitafuta hatukuona, au hatukutafuta vya kutosha.

Mwongozo unataka angalau tezi 6 zitolewe na kuchunguzwa. Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi wa wagonjwa 449 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali za nchi kadhaa. Waliotolewa tezi walikuwa 248 tu, sawa na asilimia 55. Kati ya hao, 74 walikutwa na saratani kwenye tezi, yaani karibu mmoja kati ya watatu. Sasa wafikirie wale 201 waliobaki. Hakuna aliyewatazama tezi, lakini ni vigumu kuamini kwamba wote walikuwa salama. Tezi zisipotolewa, ripoti iandike NX, yaani haijulikani. Ikiandikwa N0, imemdanganya mgonjwa bila kukusudia.

Uchambuzi huohuo una jambo la pili ambalo wengi hulipita. Kwa wagonjwa wasio na saratani kwenye tezi, idadi ya vivimbe na kuingia kwenye mishipa viliwagawa vizuri: huyu ataishi zaidi, yule kidogo. Kwa wenye tezi zilizoshikwa, mambo hayo mawili hayakutofautisha tena chochote. Tezi zikishikwa zinafunika mengine yote. Ndiyo maana kwenye jedwali, N1 inampeleka mgonjwa moja kwa moja hatua ya IIIB, hata uvimbe wenyewe uwe wa sentimita 2.

Tezi gani zinahesabiwa kuwa za jirani? Inategemea upande. Madaktari huligawa ini katika sehemu nane. Uvimbe ukiwa upande wa kulia wa ini, sehemu ya 5 hadi ya 8, ni tezi za mlango wa ini, za kando ya utumbo wa kwanza na za kando ya kongosho. Ukiwa kushoto, sehemu ya 2 hadi ya 4, ni za mlango wa ini, za chini ya kiwambo cha kifua na zile zilizo kati ya ini na tumbo. Tezi za kuzunguka mshipa mkuu wa aota, vena kuu, au shina la ateri ya siliaki si jirani tena. Hizo ni M1. Daktari wa picha akiandika tu "tezi zimevimba tumboni", mpigie umuulize ziko wapi hasa, kwa sababu jibu lake linaweza kumtoa mgonjwa IIIB na kumpeleka IV.

M, kisha kuunganisha

M0 haijasambaa mbali, M1 imesambaa: mapafu, mifupa, utando wa tumbo, tezi za mbali. Utando wa tumbo ndio unaoponyoka kwenye CT, maana chembe za saratani hapo huwa ndogo kama punje za mtama. Hivyo madaktari wengi huingiza kamera tumboni kabla ya kufungua, hasa CA 19-9 ikiwa juu sana au vivimbe vikiwa vingi.

Ukishapata herufi tatu, hatua ni hii:

- IA: T1a, N0, M0
- IB: T1b, N0, M0
- II: T2, N0, M0
- IIIA: T3, N0, M0
- IIIB: T4 na N0, au T yoyote yenye N1, M0
- IV: yoyote yenye M1

Angalia pia herufi ndogo ya mbele. c ni makadirio ya picha na vipimo kabla ya upasuaji. Herufi p ni yale aliyoyaona mtaalamu wa patholojia kwenye kipande kilichotolewa. Herufi yp ni baada ya dawa kutangulia upasuaji. Usilinganishe cN0 ya mgonjwa mmoja na pN0 ya mwingine. Picha hukosea kwenye tezi pande zote mbili: tezi kubwa huweza kuwa imevimba kwa sababu ya uchochezi tu, na ndogo ikabeba saratani.

Yale ambayo hatua haiyajui

TNM haijui kama daktari alifanikiwa kuutoa uvimbe wote. R0 ni kingo safi, yaani pale kisu kilipopita hapana saratani, R1 ni saratani iliyobaki ambayo hadubini tu ndiyo inaiona, R2 ni iliyobaki inayoonekana kwa macho. Katika wale wagonjwa 449, kingo chafu ziliongeza hatari ya kufa kwa zaidi ya mara mbili, kuliko hata vivimbe vingi. Ukubwa wa uvimbe haukuleta tofauti yoyote ya maana katika kundi hilo, ingawa toleo la nane baadaye liliweka mstari wa sentimita 5. Kwa hiyo mtu mwenye uvimbe wa sentimita 7 asikate tamaa kwa sababu ya sentimita zake.

Haijui pia kama ini lililobaki ni zima au limesinyaa, wala kama mgonjwa anajipikia mwenyewe au analala kutwa. Hili la mwisho hupimwa kwa kipimo cha ECOG, kuanzia 0 kwa asiye na tatizo hadi 4 kwa asiyeinuka kitandani, na kwa aliye hatua ya IV linaweza kukuambia zaidi kuliko TNM yote. Haijui jeni. Uvimbe wenye muunganiko wa FGFR2 au mabadiliko ya IDH1 una dawa zake za vidonge. Ya kwanza ya FGFR2, pemigatinib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Kupima jeni hizo ni ghali na sampuli hulazimika kusafirishwa mbali, lakini asiyepimwa hawezi kufikiriwa dawa hizo.

Ili kuyaingiza mambo zaidi, watafiti wametengeneza nomogramu, chati inayotoa alama kwa kila kitu kisha kujumlisha. Moja iliyochapishwa mwaka 2013 kutoka Shanghai inatumia CEA, CA 19-9, mishipa, tezi, kuvamia viungo vya jirani, idadi na ukubwa wa vivimbe. Ni nzuri, ila ilijengwa kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Usimwekee asiyefanyiwa, itampa muda asiokuwa nao.

Kutoka hatua hadi miezi

Takwimu utakazokutana nazo zinaitwa mediani. Panga wagonjwa 100 kwenye foleni kwa muda ambao kila mmoja aliishi, aliyetangulia kufa awe wa kwanza. Mediani ni pale katikati ya foleni. Nusu waliishi chini ya hapo, nusu zaidi, na wengine zaidi sana. Daktari akisema "miezi 12", hajataja tarehe ya mgonjwa wako.

Kwa waliofanyiwa upasuaji katika ule uchambuzi wa 2011, mediani ilikuwa miezi 27, na baada ya miaka mitano walikuwa hai karibu 31 kati ya 100. Wenye tezi safi walipata mediani ya miezi 30. Wenye tezi zilizoshikwa, miezi 24. Baada ya upasuaji mzuri, sasa hivi hospitali nyingi humpa mgonjwa vidonge vya kemotherapi viitwavyo capecitabine kwa miezi sita, kutokana na utafiti wa Uingereza wa BILCAP, ambapo waliovipata walikuwa na mediani ya miezi 51 dhidi ya 36. Utafiti huo ulichanganya saratani za njia yote ya nyongo, na kwa hesabu kuu haukufikia uhakika wa kitakwimu, lakini mwelekeo wake uliwashawishi wengi, hata mimi.

Kwa wale ambao upasuaji hauwezekani, ambao ndio wengi, kuna namba mbili za kuzijua. Mwaka 2010 utafiti wa ABC-02 wenye wagonjwa 410 ulionyesha kwamba kuongeza cisplatin kwenye gemcitabine, zote dawa za kemotherapi, kuliivuta mediani kutoka miezi 8.1 hadi 11.7. Kisha ukaja TOPAZ-1, utafiti ulioongeza dawa ya kuamsha kinga ya mwili iitwayo durvalumab juu ya hizo mbili. Mediani ilitoka 11.5 ikafika 12.8 tu. Ukiishia hapo utasema ni mwezi mmoja na kidogo, kwa dawa ghali hivyo, ya nini? Lakini angalia mwisho wa foleni. Baada ya miaka miwili, walioongezewa durvalumab walikuwa hai karibu 25 kati ya 100, dhidi ya 10. Mediani inaonyesha katikati ya foleni na kukaa kimya juu ya walio nyuma, na mgonjwa wako anaweza kuwa mmoja wao. Kwa hiyo daima uliza maswali mawili pamoja: mediani ni miezi mingapi, na baada ya miaka miwili wamebaki wangapi kati ya mia?

Makadirio haya huzeeka haraka pia. Ugonjwa huu ukirudi baada ya upasuaji, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na mara nyingi kwenye ini lenyewe. Aliyevuka miaka mitatu bila dalili hasomewi tena namba ya siku ya upasuaji. Hesabu yake inaanza upya, na ni nzuri zaidi.

Turudi kwa pT1b, pN0 (0/3), R0

Mfano ule nimeutunga, lakini ripoti za namna hiyo zipo. Uvimbe ni mmoja, tuseme sentimita 6.2, upande wa kulia, haujagusa mishipa. Kingo ni safi, jambo kubwa. Kwa jedwali ni IB. Lakini tezi zilizotazamwa ni tatu, nusu ya sita zinazotakiwa. Kama ningeongea na familia ningesema: kwa tulichokiona ni IB, ila upande wa tezi hatujatafuta vya kutosha, kwa hiyo tumfuatilie kama mtu ambaye huenda ni IIIB. CT na CA 19-9 kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, na mazungumzo ya capecitabine yafanyike sasa, yasingoje.

Halafu, leo hii hii kabla ya wiki kupita, mtu apige simu maabara. Kipande kilichotolewa hakitupwi siku ripoti inapoandikwa. Maabara nyingi hukiacha ndani ya fomalini kwa wiki kadhaa. Muulize mtaalamu wa patholojia kwa heshima kama mafuta yaliyotoka pamoja na tezi bado yapo kwenye chombo, na kama anaweza kuyakatakata upya kutafuta nyingine. Tezi za milimita tatu hujificha kwenye mafuta hayo. Akipata nne zaidi na zote ziwe safi, ile 0/3 inakuwa 0/7, na IB ya kwenye WhatsApp itakuwa IB kweli.